Kitambaa cha Daraja la Pili

Mama mwenzangu, kama mwanao ameajiriwa kununua vitu vya reli, jihadhari na mchana. Mwizi wa kawaida anakuja usiku na anaondoka na kitu chako. Yule aliyekuja kwangu alifika saa nne asubuhi, jua limewaka, akanisalimu kwa adabu na akaniachia kitu. Nusura kazi ya binti yangu iende na maji, na aliyefungua bomba ni mimi mwenyewe.

Binti yangu mkubwa alisomea ununuzi na ugavi. Siku alipotuambia anakwenda chuo kusomea hayo, mimi na baba yake tulitazamana.

"Miaka mitatu?" nikamwuliza. "Kununua? Mimi nilikufundisha kununua ukiwa na miaka saba! Unatazama, unabonyeza, unataja bei yako, unajifanya unaondoka, unaitwa."

"Mama, huwezi kujifanya unaondoka kwa mtu anayekuuzia injini ya treni."

"Kwani huyo hana mdomo? Ondoka, atakuita."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akaenda chuo, akamaliza, akazunguka na vyeti mwaka mzima na zaidi, halafu akapata shirika la reli, idara ya manunuzi. Tukafurahi sana. Lakini barua ilisema ni kwa majaribio ya miezi sita. Miezi sita ikiisha, mkuu wake ataandika kama anafaa au hafai. Akifaa, anathibitishwa. Asipofaa, anarudi nyumbani kwangu na vyeti vyake. Tangu siku ile nikawa nahesabu miezi kama mwenye mimba.

Nyumbani tulimpa jina la Vigezo. Kazi ilimwingia kichwani upesi mno. Ukimtuma fagio, anakuuliza: la ndani au la nje? Mpini wa urefu gani? Litumike muda gani? Baba yake ni kinyozi. Siku moja sabuni ya kunyolea ilimwishia mteja akiwa kitini, akamtuma binti dukani mbio mbio. Binti akarudi na karatasi yenye bei za maduka matatu.

"Na sabuni iko wapi?"

"Nimekuletea uchague kwanza, baba."

Mteja wa watu amekaa pale, nusu kidevu kimenyolewa, nusu bado. Mpaka leo akipita barabarani anauliza, "Vigezo yupo? Basi nitarudi kesho."

Lakini jioni akianza kutusimulia kazi yake, sote tulikuwa tunaacha tulichokuwa tukifanya. Mimi nilikuwa naona treni inapita nadhani ni kitu kimoja kirefu. Kumbe ni maelfu ya vitu, na kila kimoja kuna mtu alikaa mezani akakigombania. Kuna mataruma, zile nguzo fupi zinazolazwa chini ya reli. Kuna kokoto, na kokoto nazo zina saizi yake, siyo kokoto yoyote. Kuna taa, vyuma vya breki, vioo vya chooni. Alisema mkuu wao, mama mmoja mrefu, aliwahi kurudisha shehena nzima ya skrubu kwa sababu zilikuwa fupi kwa unene wa ukucha. Vijana wa ofisini wanamwita Rula. Wanamwita kwa siri, ingawa nasikia anajua.

Mwezi wa tano wa majaribio huyo Rula akampa binti yangu faili lake la kwanza: kitambaa cha viti vya mabehewa ya daraja la pili. Akatueleza jinsi inavyokwenda. Shirika linatangaza aina ya kitambaa linachotaka. Wenye viwanda wanaandika bei zao, wanafunga kwenye bahasha pamoja na sampuli, wanatumbukiza kwenye sanduku la zabuni lenye kufuli mbili. Hakuna ruhusa ya kuchungulia. Siku iliyopangwa linafunguliwa mbele ya wote, kisha kamati inakaa kupima na kulinganisha. Yeye ndiye katibu wa kamati. Siku hiyo aliingia nyumbani akitembea kama bibi harusi.

"Mama, baba, nisikilizeni," akasema. "Kuanzia leo mpaka zabuni hii iishe, mtu yeyote akileta kitu hapa, msipokee. Hata soda."

"Hata salamu?" baba yake akauliza.

"Salamu pokeeni."

Nilisikia vizuri, masikio yangu ni mazima. Lakini nilichokisikia kilikuwa bahasha. Kichwani mwangu mtu mbaya anakuja na bahasha ya kaki, amevaa miwani myeusi, anatazama nyuma. Nikawa nimejiandaa kwa ajili yake. Nilishajizoeza hata namna ya kumfukuza, mkono kiunoni, sauti ya kusikika mpaka kwa jirani wa tatu.

Sasa, mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, dirishani, inatazama barabara. Kutwa nzima vitambaa vinaingia: huyu sare ya shule, yule pazia, mwingine gauni la kupunguza kwa sababu ameugua au la kuongeza kwa sababu amepona. Miaka thelathini vitambaa vinaingia kwangu na sijawahi kukiona kitambaa kikaitwa zawadi. Kitambaa kikiingia kwa fundi ni kazi.

Basi siku hiyo ya saa nne asubuhi nikasikia hodi. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi likasimama, viatu safi ingawa barabara yetu ilikuwa na tope. Begani amebeba jora la kitambaa, amelishika taratibu kama mtoto aliyelala.

"Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Akalitua jora, akaangaza macho chumbani, akayaona makochi yangu. Jamani, makochi yale yalikuwa yamechoka. Rangi yake ya kwanza hata mimi nilikuwa nimeisahau.

"Mama," akasema, "mkono wako unasifiwa mtaa mzima, lakini makochi yako yanakulilia."

"Ndiyo hivyo. Nguo za watu zinapendeza, ya kwangu yanasubiri foleni."

"Basi jishonee. Haya ni mabaki tu, kiwandani kwetu yanakaa bure. Mimi nafurahi nikiona kitambaa kimepata pa kukaa."

"Na wewe nikushonee nini?"

"Mimi hapana, mama. Labda siku nyingine."

Akanywa maji, akaaga. Alipofika mlangoni akageuka, akatabasamu. "Msalimie binti yako wa reli. Mwambie mtu wa kitambaa amepita."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuzinduka. Badala yake akili yangu ikakimbilia kwingine kabisa. Nikajisemea: binti ana miaka ishirini na saba, hataji mtu, kumbe yupo! Msafi, mpole, ana kiwanda! Kabla hajapinda kona, mimi nilikuwa nimeshachagua gauni nitakalovaa na nimeshagombana na dada wa mume wangu kuhusu nani akae mbele.

Nikashika mkasi.

Kitambaa kilikuwa kizito, buluu ya wino, na vitu vidogo vya njano vimetawanyika kama vipepeo. Nikapima, nikakata, nikashona bila kuinuka. Ukweli wa fundi nisiufiche: kilianza kunitia mashaka mapema. Ukivuta mshono, nyuzi zinateleza, panaachama kama mdomo. Na vidole vyangu vikawa vya buluu. Lakini nilikuwa nimeshanogewa. Saa kumi alasiri makochi yote matatu yalikuwa yamevaa, na chumba kimebadilika, ukiingia unataka kuvua viatu.

Baba yake akarudi, akakaa, akajinyoosha. "Leo nimekuwa bosi," akasema.

Halafu binti akaingia. Akasimama mlangoni, mkoba bado begani.

"Mama."

"Abee, mwanangu!"

"Kwa nini sebule yetu imekuwa daraja la pili?"

Nikacheka, nikidhani ananisifu. Nilicheka peke yangu. Akaja akashika pembe ya kochi, akanionyesha wale vipepeo wangu.

"Hili ni gurudumu lenye mabawa, mama. Ni nembo ya shirika. Nani kaleta?"

Nikamwambia. Shati, viatu, jora, mtu wa kitambaa. Hata ya mkwe nilimwambia, maana nilishachanganyikiwa. Akakaa sakafuni. Kochi hakuligusa tena.

"Mama, watu wa kitambaa wako watano. Wote bahasha zao zimo sandukuni. Sanduku linafunguliwa keshokutwa."

"Lakini huyu hakuleta bahasha!"

"Nilisema hata soda."

"Hii siyo soda! Kitambaa kikija kwa fundi ni kazi!"

"Kazi ya nani, mama? Nani atakuja kuichukua?"

Nikayatazama makochi. Kweli, hapakuwa na mtu wa kuja kuyachukua.

Baba yake akainuka pale alipokaa kama aliyechomwa na moto. "Tufumue basi. Tukunje, tusukume uvunguni, yaishe. Nani atajua?"

"Ndiyo!" nikadakia. "Tena nikate vipande vya kudekia. Tusiseme kwa mtu."

"Yeye atajua," binti akasema. "Tukimnyima zabuni, atasema kwamba nyumbani kwa katibu wamekaa juu ya kitambaa chake. Tukimpa, wenzake wanne watasema hivyo hivyo." Akatueleza kuna daftari ofisini, kila kitu mtu alicholetewa kinaandikwa humo, kiwe kidogo namna gani. "Kesho asubuhi naandika. Nikiandika, nitatolewa kwenye faili. Na majaribio yangu yamebakiza wiki mbili. Mkuu ataandika nini, mama? Kwamba faili la kwanza tu, tumeshavalishwa nyumba nzima?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea. Nikaazima wembe wa baba yake, nikaanza kufumua mshono mmoja mmoja, na kila uzi niliokata niliuona mwezi mmoja wa majaribio yake unakatika.

Asubuhi nikavaa gauni langu zuri, nikakunja vipande vyote kwenye mfuko mkubwa. Nikachukua pia lile bomba la karatasi ambalo kitambaa kilikuwa kimezungushiwa, maana ndani yake niliona mhuri.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nakwenda na wewe. Aliyeshona ni mimi."

"Si lazima. Mimi nitaandika."

"Twende, usichelewe kazini."

Getini mlinzi akautazama mfuko wangu. "Mama, umeleta zabuni?"

"Hapana, baba. Nimeleta makochi."

Akatazama nyuma yangu kutafuta gari. Binti akamnong'oneza, mlinzi akaniandika kitabuni, tukapita. Ukumbi wa ofisi ulikuwa mrefu, mafaili yamepangwa ukutani mpaka darini, na watu wanapishana na karatasi bila kutazamana. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko cherehani. Binti akaandika kwenye lile daftari akiwa amesimama wima, kisha tukaitwa ndani.

Rula alikuwa amekaa nyuma ya meza tupu. Kalamu moja, karatasi, na rula, kweli, rula ya chuma. Pembeni alikaa mwanasheria wa shirika, kijana mnene mwenye tai fupi.

"Karibu, mama. Nieleze tangu alipopiga hodi."

Nikaeleza. Naye akaandika kila kitu, hata tope la barabarani.

"Kitambaa ni urefu gani?"

"Mita kumi na nne na nusu, nimepima mwenyewe. Ila mama, niseme kitu kimoja tu. Kitambaa chenyewe hicho—"

"Hapana."

"Ule mshono—"

"Mama, tafadhali."

"Na rangi yake ina—"

"Mama!" Rula ikainuka juu. "Sanduku halijafunguliwa. Ubora wa kitambaa utasemwa na kamati, kwa vipimo. Ukisema wewe hapa, utakuwa umeingia kwenye tathmini."

Jamani! Miaka thelathini kwenye cherehani, na nakatazwa kusema kitambaa kibovu ni kibovu! Nikang'ata midomo. Mwanasheria alikuwa anavitazama vidole vyangu, bado vya buluu. Nikaviingiza chini ya mfuko, visije navyo vikashiriki tathmini.

"Kwa nini hukumkatalia?"

"Kwa sababu ilikuwa nguo. Angeleta bahasha ningempiga nayo."

Mwanasheria akakohoa kikohozi ambacho si cha mafua.

"Na jana jioni mlipogundua, mliamua nini?"

Njiani kote nilikuwa nimepanga jibu: sote kwa pamoja tuliamua kuja kusema. Ni jibu zuri, familia nzima inatoka safi. Lakini binti yangu alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, anatazama sakafu, na nikaona kwamba nikituweka sote kundi moja, namchafua yeye kwa uchafu wangu.

"Mimi nilitaka tufiche," nikasema. "Baba yake pia. Tulitaka tukate vipande vya kudekia. Yeye peke yake ndiye aliyekataa. Tungekuwa sisi, usingejua kitu."

Kwa mara ya kwanza kalamu ikasimama. "Niandike hivyo?"

"Andika."

"Utatia sahihi?"

"Nitatia."

Nikaandika jina langu lote, kubwa, likapita mstari. Rula akalitazama, akapiga mstari mwingine chini yake. Kisha akamgeukia binti.

"Kuanzia sasa huna faili la kitambaa. Nimpe nani, nitaamua. Rudi mezani kwako, kuna orodha za kokoto zinasubiri kuhakikiwa."

Basi. Hakusema vibaya, hakusema vizuri. Tukatoka.

Yule bwana alijulikana siku ile ile, kwa mhuri wa ndani ya bomba. Zabuni yake ikatupwa nje kwa barua. Lakini mimi lake lilikuwa haliniumizi. Wiki mbili zile nilikonda. Mteja akiingia na kitambaa namhoji kama askari wa mpakani: cha nani? Kimetoka wapi? Kuna mtu kwenu anafanya biashara na reli?

"Wewe mama una nini?" jirani akaniuliza siku alipoleta sare ya mwanawe. "Huyu yuko darasa la pili! Atauzia reli nini, penseli?"

Nikamwandika hivyo hivyo kwenye daftari langu, maana nami nilikuwa nimeanzisha la kwangu, akasaini huku akinitukana.

Siku ya mwisho ya miezi sita binti alirudi mapema kidogo. Bahasha mkononi, imefunguliwa, uso wake hausomeki. Akampa baba yake. Baba yake akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, na kwa bahati mbaya yeye ni mtu wa kusoma kila kitu, pamoja na sanduku la posta na namba ya kumbukumbu.

"Ruka huko!" nikapiga kelele. "Soma katikati!"

"Katikati inasema... 'umethibitishwa kazini kuanzia tarehe...'"

Tarehe sikuisikia. Nilikuwa nimeshamrukia mwanangu, tunazunguka, kiti kimeanguka. Baba yake akawa anaendelea kusoma peke yake kama mtangazaji. Mkuu aliandika kwamba maelezo yaliyotiwa sahihi na mzazi yameonyesha mtumishi huyu anasema kweli hata pale nyumba yake yote inapomshauri vingine. "Nyumba yake yote," baba yake akarudia. "Ndiyo sisi hao."

Kulikuwa na aya moja zaidi. Ilisema kwamba kwa kuwa mama mzazi wa mtumishi ni fundi wa nguo, mtumishi asipangiwe tena zabuni ya kitambaa, uzi wala mapazia. Apewe mataruma.

"Basi nimo kwenye faili la serikali nzima ya reli," nikasema. "Kwa ubaya."

"Si kwa ubaya, mama. Wanajua tu upo."

"Na zabuni ile imekwisha?"

"Imekwisha jana. Amepata mwingine kabisa."

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa kusema?"

Akacheka, akakaa chini, akakunja miguu. "Sema, mama."

Nikasema! Nyuzi, mshono, rangi, na abiria wa watu ambao wangeshuka treni na makalio ya buluu. Nilisema mpaka chai ikapoa na baba yake akaondoka kurudi kwenye kibanda chake cha kunyolea.

Lakini ninyi wenzangu msichukue kicheko tu. Barua ile ilikuwa na ukurasa mmoja, na ukurasa ule ule ungeweza kuandikwa vingine. Ungeandikwa vingine kama binti yangu siku ile angemsikiliza mama yake. Nilikuwa na nia njema mimi, na nilikuwa na jibu tayari, na jibu langu lilikuwa la kumfukuzisha kazi. Kwa hiyo mwanao akikueleza kazi yake na akakwambia usipokee kitu, usiitikie tu kwa kichwa kama nilivyoitikia. Mwulize kitu gani. Mfanye akutajie kimoja kimoja, nguo, tunda, kuku, lifti ya gari, mpaka achoke yeye au uchoke wewe. Atakuona msumbufu. Mwache akuone.